Kujifunza dansi nikiwa na miaka 61: je, goti na tansio vitaniruhusu?

Mama wa Katuba

Yambo yenu nyote.

Nina umri wa miaka 61, ninakaa katika komini ya Katuba hapa Lubumbashi, na nilistaafu ualimu wa shule ya msingi miaka miwili iliyopita. Ninawaletea jambo hili kwa sababu watu wa nyumbani ninaowauliza wananijibu kwa kucheka au kwa kunionea huruma, nami nahitaji jibu.

Marehemu mume wangu alikuwa mchezaji hodari wa rumba. Tulicheza pamoja zaidi ya miaka 30, kwenye harusi na sikukuu za familia, na mara nyingi zaidi pale pale nyumbani kwenye barza, Jumamosi jioni baada ya chakula, redio ikiwa imewekwa dirishani. Alipofariki, miaka minne iliyopita, nilikuja kutambua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mimi sikuwa najua kucheza, nilikuwa najua kumfuata yeye. Mkono wake wa kuume ulikaa mgongoni mwangu, na yote niliyopaswa kufanya niliyasoma katika kiganja kile. Kikisukuma kidogo nilirudi nyuma. Kikilegea nilijua anataka nizunguke. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu, walipiga rumba ya zamani, nikainuka nicheze peke yangu kama walivyofanya wengine, miguu ikagoma. Watu hawakuniangalia, wala sikuona haya. Miguu yenyewe haikujua iende wapi, nikarudi kukaa.

Tangu nistaafu afya yangu imeshuka. Zamani nilikwenda shuleni kwa miguu na kurudi kwa miguu, na katikati nilisimama mbele ya watoto tangu asubuhi. Sasa siku nzima inaweza kwisha kati ya jiko, kiti na kitanda. Uzito umeongezeka. Kwenye kituo cha afya walinikuta na tansio, yaani shinikizo la damu, na ninameza kidonge kimoja kila asubuhi. Goti la kushoto linauma ninaposhuka ngazi, na nikiamka linakuwa gumu kwa dakika kama kumi kabla halijalegea. Usingizi nao umevunjika: ninashtuka saa nane za usiku, kisha ninasikiliza mbwa wa mtaa hadi kunakucha. Muuguzi aliniambia nifanye mazoezi, nikamwuliza mazoezi gani, akasema nitembee. Nimejaribu. Ninatembea siku tatu, ya nne mvua inanyesha na barabara yetu inakuwa matope, ya tano sina pa kwenda, na hapo ninaacha.

Dansi ni zoezi pekee ambalo nikilifikiria moyo wangu unalitaka. Ningependa kujua kama goti la namna hii linaweza kulistahimili au nitaliharibu kabisa, na kama mtu mwenye tansio anaruhusiwa. Ningependa pia kujua kama mwanamke wa umri wangu, asiye na mwenzi wa kucheza naye, anaweza kuzijifunza hatua tangu mwanzo. Mama yangu mzazi alipotewa na kumbukumbu mwishoni mwa maisha yake, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani; nimesikia kwamba dansi inaulinda ubongo, lakini sijui kama ni kweli au ni maneno ya watu. La mwisho ni gumu kwangu kuliliandika: mwanangu wa kwanza anaona kwamba mjane anayecheza dansi anamvunjia heshima baba yao.

Aksanti kwa atakayenisaidia.

Mfanyakazi wa kine, Kampemba

Mama, yambo. Ninafanya kazi ya kuzoeza viungo vya wagonjwa, kazi ambayo hapa tunaiita kine, na magoti kama lako ninayapokea kila wiki. Siwezi kulipima kwa maandishi, kwa hiyo uende lishikwe na lichunguzwe. Hata hivyo, ugumu wa asubuhi unaokwisha ndani ya nusu saa, pamoja na maumivu ya kushuka ngazi, mara nyingi ni dalili ya kiungo kilichochakaa kwa umri na uzito.

Goti la namna hiyo linadhuriwa na kukaa kuliko linavyodhuriwa na kazi ya kiasi. Gegedu, ule utando mgumu wenye kuteleza unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata katika ute wa kiungo, kwa kubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa, mfano wa sifongo. Mtu asiyesogea analinyima gegedu lake chakula. Zaidi ya hayo, msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaobeba goti, na msuli huo unanyong'onyea haraka mtu akishinda kitini. Kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, yaani kile kile ambacho rumba inadai, ni zoezi ninalowapa wagonjwa wangu hata pasipo muziki.

Kinacholiumiza goti kwenye dansi ni kuzunguka huku wayo umeganda chini, kwa sababu mwili unageuka na goti linabaki. Zunguka kwa hatua tatu au nne ndogo, usiwahi kusokota mguu mmoja. Kiatu nacho kina sehemu yake: soli ya mpira inanasa kwenye simenti na kulisokota goti, na sapatu zinateleza na kuvuka mguuni. Tafuta kiatu chenye kufungwa nyuma, kisigino kifupi, na soli ya ngozi au nyingine inayoteleza kidogo tu. Ikiwa sakafu yako inapigwa nta, usicheze siku ilipopigwa.

Kuhusu maumivu, ninawapa wagonjwa kipimo kimoja. Maumivu madogo wakati wa kucheza yanakubalika ikiwa asubuhi ya kesho yake goti limerudi kama lilivyokuwa. Likiwa limevimba au lina joto, siku inayofuata punguza muda wa kucheza kwa nusu, lakini usiache kabisa, kwa maana wanaoacha ndio wanaonirudia baada ya mwaka wakiwa na fimbo.

Kuhusu tansio, watu wengi wenye ugonjwa huo wanaruhusiwa, na mazoezi ya mara kwa mara yanasaidia kuishusha. Upimwe kwanza. Ukikutwa na 180 kwa 110, ile ambayo wauguzi wetu wanaiita 18 kwa 11, au zaidi, usianze hadi matibabu yawe yameishusha. Mwonyeshe daktari kidonge chako, kwa sababu baadhi ya dawa za tansio zinazuia moyo kwenda mbio, na kwa mtu anayezitumia kuhesabu mapigo hakuna maana. Tumia sauti yako: ukiwa unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, umefika kiwango kizuri, ukikosa pumzi ya kuzungumza, punguza. Usisimame ghafla wimbo unapokwisha, endelea kutembea kidogo, na usikae mara moja. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kupiga bila mpango ni sababu ya kuacha siku hiyo hiyo na kwenda kwa daktari.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na kwa waliofikisha miaka 65 linaongeza mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu angalau siku tatu, ili kuzuia kuanguka. Wewe hujafika 65, lakini mifupa ya mwanamke inapungua haraka zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo usingoje. Mwongozo wa zamani ulidai kila kipindi kisipungue dakika kumi. Ule wa 2020 uliliondoa sharti hilo. Dakika tano unazocheza ukingoja sombe iive zinahesabiwa.

Kuhusu ubongo, umeuliza kwa uangalifu nami nitajibu kwa uangalifu. Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watu 469 wa Bronx, mjini New York, wote wakiwa na zaidi ya miaka 75. Kati ya michezo yote ya mwili iliyochunguzwa, dansi peke yake ndiyo iliyohusishwa na hatari ndogo ya kupotewa na akili uzeeni. Utafiti huo hauthibitishi kwamba dansi ndiyo iliyowalinda. Huenda wenye ubongo mzima ndio walioweza kuendelea kucheza. Baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Magdeburg, Ujerumani, walitoa matokeo ya kulinganisha wazee waliocheza dansi na wazee waliofanya mazoezi ya kawaida kwa miezi 18. Makundi yote mawili yaliongezeka katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, lakini waliocheza dansi ndio walioboreka katika kusimama imara. Kundi lilikuwa dogo. Ninachotaka ukitazame ni kwamba walimu wao waliwabadilishia hatua mara kwa mara, hivyo kila walipozoea walilazimika kujifunza upya. Ukicheza mtindo mmoja bila kufikiri, miguu inafanya kazi na kichwa kinapumzika.

Mzee wa Kamalondo

Dada yangu mdogo, mimi nina miaka 74 na bado ninacheza, kwa hiyo la umri tuliweke kando.

Ulichokiona harusini kinawapata karibu wanawake wote waliofuata mwanaume mmoja kwa muda mrefu. Habari njema ni kwamba masikio yako yanaijua rumba na mgongo wako unaijua. Kinachokosekana ni miguu kupokea amri kutoka kwako badala ya kuipokea kutoka kwenye kiganja cha mwingine. Hilo linafundishika. Mimi mwenyewe nilifundishwa na dada yangu mkubwa kwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba, la wazazi wetu, yeye akiongoza, na hakuna mtu aliyeona ajabu kwamba mwanamke anaongoza.

Usianze na hatua. Anza ukiwa umekaa, usikilize yale mapigo matano yanayojirudia chini ya nyimbo nyingi za rumba, matatu kisha mawili: ka, ka, ka, kimya kidogo, ka-ka. Yapige kwa makofi kwenye mapaja yako hadi uweze kuyapiga huku ukizungumza na mtu. Juma zima likiishia hapo, si hasara. Kisha simama, mkono mmoja ushike fremu ya mlango, miguu ikiwa karibu karibu, uhamishe uzito kuume, kushoto, kuume, bila kunyanyua mguu wowote. Anayejifunza anataka kupeleka mguu kwanza na kuufuatisha mwili, na hapo ndipo anapoyumba. Mwili uhame kwanza. Mguu uliobaki mwepesi utajua wenyewe kwamba ni zamu yake. Ukifika hapo, chora kwa chaki alama nne kwenye sakafu, umbali wa wayo mmoja kati ya alama na alama, na uzipite kwenda mbele na kurudi nyuma. Wayo mmoja, si zaidi, maana rumba haina hatua ndefu. Watu wengi wanalitoa jina lake katika neno la Kikongo nkumba, yaani kitovu, nalo linakuonyesha mahali inapochezwa: katikati ya mwili, siyo mwisho wa miguu. Desemba 2021, UNESCO ilipoiandika rumba katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville, vijana wangu walinipigia simu kunipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyeibuni, na ninakiri nilifurahi.

Jambo moja lazima nikuonye. Nyimbo zetu nyingi zina sehemu mbili: ya kwanza inaimbwa na inakwenda taratibu, ya pili ni sebene, ambapo magitaa yanashika usukani na mwendo unapanda. Mwili uliochangamka unadanganyika hapo. Kwa miezi miwili ya kwanza, sebene ikiingia, endelea na mwendo wa sehemu ya kwanza, hatua moja kwa kila mapigo mawili. Utaona inawezekana, na inapendeza macho.

Halafu tafuta mwenzako. Awe jirani mwanamke, ndugu, mjukuu mrefu wa kutosha, yeyote. Mpeane zamu ya kuongoza, wimbo mmoja wewe, mmoja yeye. Siku ya kwanza utakapoweka kiganja chako mgongoni mwa mtu na yeye akaenda ulikotaka, utakuwa umejua dansi.

Mwimbaji wa kwaya, Ruashi

Mama mpendwa, nami ni mjane, mwaka wa saba sasa, kwa hiyo nitagusa yale ambayo hao wawili hawakuyagusa.

Nilipoanza tena kucheza nilifanya kosa la kuanza na nyimbo zetu, mimi na marehemu. Nililia hadi nikazima redio, na kwa miezi mingi nikaiogopa redio yenyewe. Aliyenitoa hapo ni binti yangu, aliyeniletea muziki ambao baba yake hakuwahi kuusikia. Mwili ulijifunza upya juu ya nyimbo zisizo na kumbukumbu, na zile za zamani nilizirudia baadaye sana, moja moja, nilipotaka mwenyewe. Nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Mwanao usimjibu kwa hoja. Wangu alisema maneno kama hayo, na nilipomwuliza kwa upole ni nini hasa kinachomwumiza, ilionekana kwamba aliogopa watu watasema mama anatafuta mume. Ikiwa kwenu ni suala la dini, mkumbushe kwamba mwaka 1988 Roma iliidhinisha misa ya ibada ya Zaire, ambamo wahudumu wanaizunguka altare wakicheza wakati wa wimbo wa Utukufu. Ninajua makanisa mengine hayakubali, na siwezi kuwasemea.

Na huko kuamka saa nane za usiku usikuachie dansi peke yake. Ikiwa kumedumu miezi, na kuna mambo mengine uliyoyapenda ambayo hayakuvutii tena, mweleze daktari waziwazi, kama utakavyomweleza habari ya goti. Huzuni iliyokaa muda mrefu ni ugonjwa unaotibika, na wengi wetu tunauficha kwa sababu tunadhani ni wajibu wa mjane.

Mama wa Katuba

Ninarudi baada ya majuma matano, kwa kuwa haifai kupokea bila kutoa habari.

Nilipimwa, wakanikuta na 15 kwa 9. Daktari amebadilisha kidonge na ameniruhusu kucheza. Nilimweleza pia habari ya usingizi. Sikuwa nimewahi kuisema mbele ya mtu yeyote, nikajikuta nimezungumza nusu saa, na amenipa siku ya kurudi.

Alama nne za chaki ziko kwenye sakafu nyekundu ya barza yangu. Kila nikipiga deki ninazifuta na kuzichora upya, na sasa mkono unazichora bila kupima. Juma la kwanza lilikuwa la makofi tu. La pili nilishika fremu ya mlango, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mguu wangu wa kushoto ulikuwa haubebi uzito hata kidogo: kwa miaka, kwa kuliogopa goti, nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja pasipo kujua. Juma la tatu sebene ilinishinda, nikaifuata, na asubuhi goti lilikuwa limejaa kama kiazi. Nilipunguza kwa nusu kama nilivyoagizwa, na siku ya tatu likarudi. Sasa ninacheza dakika kumi na tano jioni, siku tano kwa juma, jua likishashuka, maana joto la Oktoba hapa kwetu mnalijua. Ngazi za kituo cha afya bado zinauma kushuka, lakini sishiki tena ukuta.

Mwenzangu ni jirani wa lupango la pili, mama muuza mkate, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Anaongoza vibaya na mimi ninaongoza vibaya zaidi, lakini Alhamisi iliyopita nilisukuma kiganja changu mgongoni mwake kidogo sana, naye akarudi nyuma hatua mbili akiwa ndani ya mdundo. Nilisimama nikamtazama. Aliniuliza kama nimeumia.

Mwanangu alipita Jumapili kuchukua vitu vyake akatukuta. Hakusema neno. Alikaa kwenye kiti cha baba yake hadi wimbo ukaisha, kisha akaniambia kwamba betri za redio zimechoka, na jioni akaleta mpya.

Yaya, yaani mkubwa wangu, wa Kamalondo, nina swali moja limebaki. Nataka sasa kuzunguka kwa upande wa kuume kwa zile hatua tatu ndogo tulizoambiwa, lakini kila nikijaribu miguu inapishana. Nianze na mguu upi?

Mzee wa Kamalondo

Wa kuume, dada yangu. Ufungue ncha ya kiatu kuelekea kule unakokwenda kabla hujaupa uzito, ndipo wa kushoto uje kando yake, halafu wa kuume tena. Hivyo goti lako la kushoto litakuwa linafuata, halitaburutwa. Na fremu ya mlango usiiache bado.